Jesca Mwaisaka, Msoma Matangazo wa Kanisa la Kibamba

Tunayemzika leo, Jumamosi tarehe 9 Agosti 2025, hapa Kibamba, ni dada yangu wa tumbo moja, Jesca Ambakisye Mwaisaka. Mimi ni mdogo wake, Anastasia, ninayeishi Gongo la Mboto. Wasifu huu nimeuandika mwenyewe kwa sababu yeye ndiye aliyeniagiza, na aliniagiza nisiandike mambo ya malaika. Nikikosea Kiswahili cha vitabu mnivumilie, elimu yangu ni ya darasa la saba.

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Februari 1972 Ipinda, wilaya ya Kyela, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Ambakisye Mwaisaka, ambaye ametangulia, na mama yetu Anna, ambaye amekaa hapa mbele. Tulizaliwa wanne, tukakua wawili. Mimi nilimfuata kwa miaka mitano. Mama anasimulia kwamba Jesca tangu mdogo hakuweza kuona mtu anapita njiani akanyamaza. Alikimbia jikoni kutangaza: "Mama, yule mwenye baiskeli anakwenda sokoni, na leo hana kofia!" Kwa hiyo kazi aliyokuja kuifanya katika kanisa hili aliianza kabla hajajua kusoma.

Alisoma shule ya msingi palepale Ipinda kuanzia mwaka 1980 hadi 1986, akachaguliwa kwenda sekondari ya bweni, akamaliza kidato cha nne mwaka 1990. Mimi sikuchaguliwa. Alipokuwa akija likizo na sketi yake ya bluu na viatu vyeusi, nilisubiri alale mchana nikavivaa viatu vile, nikatembea navyo nyuma ya nyumba. Alijua. Likizo ya mwisho aliniachia, akasema, "Chukua, vimenibana." Havikuwa vimembana. Miguu yangu ilikuwa midogo, nikaweka pamba kwa mbele, nikavivaa mpaka vikaisha, na hata siku moja sikumwambia asante.

Alikuja Dar es Salaam mwaka 1992, akafikia kwa shangazi yetu Temeke, akajifunza ushonaji. Alifanya kazi miaka tisa katika kiwanda cha nguo, na mwaka 2004 akafungua chumba chake cha cherehani hapa Kibamba. Majoho ya kwaya mnayoyaona leo aliyashona yeye. Sare za watoto wengi wa mtaa huu alizishona yeye, na aliacha pindo nene kwa makusudi, akiwaambia wazazi, "Huyu mtoto anarefuka, mwakani utanikumbuka."

Tarehe 12 Desemba 1998 alifunga ndoa na marehemu Benjamin Mwangosi, fundi bomba, mtu mpole aliyekuwa akicheka kabla hajamaliza kusimulia kichekesho chake mwenyewe. Walikaa pamoja miaka kumi na minane mpaka Benjamin alipofariki mwaka 2016. Hawakujaliwa kupata mtoto.

Katika kanisa hili la Presbiteri aliingia mwaka 1999, wakati mlipokuwa mnasali chini ya mabati sita katika kiwanja cha kuazima. Mwaka 2008 baraza la wazee lilimkabidhi kazi ya kusoma matangazo, na akaifanya miaka kumi na saba. Kila tangazo alilisoma mara mbili. Alisema, "Narudia, kwa ajili ya waliokuwa wanamtazama mtoto wa jirani." Mtu asipoonekana Jumapili mbili, jina lake lilisomwa, na aliyekaa karibu naye alitumwa kupita kumjulia hali. Wengi mliopo hapa mliwahi kupitiwa. Mwenyewe nilimsikia kwa masikio yangu akisema pale mbele, "Na aliyeazima sufuria kubwa la kanisa alirudishe. Ninamjua, naye anajua kwamba ninamjua." Wiki ile yalirudi masufuria mawili.

Hata Mzee Mbwana, jirani yake wa ukutani, ambaye ni Mwislamu, alikuwa anapata matangazo yake kila Jumapili jioni juu ya ukuta. Jana msibani alituambia, "Mie nilikuwa najua kwaya yenu inakwenda wapi kuliko hao wanakwaya wenyewe."

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wengi mnalijua nusu.

Mtoto wangu wa kwanza ni Hope. Alizaliwa tarehe 3 Machi 2001. Mwaka 2005 nilijifungua mapacha kabla ya wakati, nikalazwa nao, na mume wangu Stanley alikuwa safarini na lori. Dada akaja hospitali, akamchukua Hope, akasema, "Wiki mbili tu, mpaka upate nguvu." Wiki mbili zile hazijaisha. Mapacha waliumwa, mwaka ukapita, Hope akaanza shule hapa Kibamba, akaingia darasa la Jumapili, akaingia kwaya. Alipokuwa darasa la nne nilimrudisha Gongo la Mboto. Alikaa siku kumi na tisa hali chakula vizuri, anaamka anauliza leo ni siku gani, maana Jumamosi ilikuwa siku ya kufagia kanisa na mama mkubwa. Siku ya ishirini nikamrudisha mwenyewe, nimembebea mfuko wake.

Nilikuwa nakuja kumwona kila nilipopata nafasi. Nilikuja na chanuo na mafuta ili nimsuke, maana hicho ndicho kitu nilichojua kumfanyia mtoto. Kila nilipofika nilimkuta ameshasukwa. Nywele zimenyooka, mistari kama imepigwa rula. Nilikaa na chanuo langu kwenye mkoba, nikanywa chai, nikarudi. Hapa kanisani dada yangu mlimwita Mama Hope. Mimi mlinisalimia, "Karibu mgeni." Niseme kweli mbele ya jeneza hili: nilimwonea wivu dada yangu, na nyinyi pia niliwaonea wivu, kwa sababu mlimjua mtoto wangu anapenda wimbo gani na mimi sikujua.

Mwaka huu Hope alipata mchumba, Gwamaka, kijana wa kwaya hiihii. Kama ilivyo desturi ya kanisa, ndoa inatangazwa Jumapili tatu. Tarehe 20 Julai nilikuja kusikia tangazo la kwanza. Nilivaa kitenge kipya, nikakaa benchi la tano. Dada alisimama, akasoma mambo ya kamati, akasoma wagonjwa, kisha akasoma: "Gwamaka, mtoto wa familia ya Mwasomola wa Goba, anatarajia kufunga ndoa na Hope, binti wa Jesca Mwaisaka wa hapa Kibamba. Narudia."

Akarudia.

Watu wakapiga makofi. Akina mama wakapiga vigelegele. Mimi nilitoka nje, nikamngoja kwenye meza ya chai. Alipotoka nilimwambia, "Dada, umesikia ulichokisoma?"

Akasema, "Nimesoma karatasi."

"Karatasi kaandika nani?"

"Katibu. Kijana mgeni yule, hajui historia yetu. Kakosea."

"Na wewe pia ni mgeni? Hope kamzaa nani? Si mie?"

Mama mmoja wa kikundi, hakuwa na nia mbaya, akauliza huku ana kikombe mkononi, "Kwani huyu siye Mama Hope?"

Nikamjibu, "Mama Hope ni mie! Huyu ni dada yangu." Nilisema kwa sauti ambayo haifai nje ya kanisa. Dada alishika kona ya meza, nikadhani ni hasira. Kumbe alikuwa anakosa pumzi.

Maradhi ya moyo yalikuwa yamemwanza mwaka jana, mwezi wa Juni. Miguu ilikuwa inavimba, na alikuwa anatunga sababu za viatu kubana. Alhamisi tarehe 24 Julai alizidiwa chumbani kwake kwenye cherehani, akalazwa. Jumapili tarehe 27 Mzee Fransis wa baraza la wazee alisoma matangazo badala yake, akasema tangazo la ndoa la wiki iliyopita lilikuwa na kosa, linaanza upya, akasoma jina langu na la Stanley. Nilikuwepo. Hakuna aliyepiga kigelegele. Labda ni kwa sababu mlikuwa na huzuni ya mgonjwa. Lakini nilisikiliza, na sikusikia.

Jioni ile nilimpelekea uji. Hope alikuwa amekaa kwenye kiti cha pembeni. Nikamsalimu dada, "Shikamoo."

"Marahaba. Umekuja kunigombeza na huku?"

"Nimeleta uji."

Akanywa vijiko vitatu. Kisha akasema, "Ana, karatasi ile niliiona imekosewa kabla sijasimama. Kalamu nilikuwa nayo mkononi."

"Sasa kwa nini hukurekebisha?"

"Nilitaka niisikie. Mara moja tu, mbele za watu."

"Ukairudia."

"Ndiyo. Matangazo huwa narudia." Akacheka, akakohoa, Hope akamwinua mto. Alipotulia akasema, "Tangu siku uliyojifungua huyu nilikuwa nakuonea wivu. Nilikuja wodini na khanga ya zawadi, nikalia njia nzima kurudi. Benjamin alidhani nimefiwa."

Nilikuwa na maneno mengi, lakini lililotoka ni hili: "Na nywele? Ulikuwa unamsuka makusudi?"

"Makusudi. Ukisema unakuja Jumamosi, Ijumaa namsuka."

Hope akasema, "Mama mkubwa! Ndiyo maana nilikuwaga nasukwa usiku kwa taa ya simu!"

Tulicheka sote watatu mpaka nesi akaja kututazama. Sikumsamehe palepale. Naandika kweli, kama alivyoagiza. Lakini kuanzia siku ile nililala naye hospitali, na alikuwa akiamka ananikuta. Ndipo aliponiambia wasifu niuandike mimi. "Wale wa kanisani watanitia mabawa," alisema.

Dada yetu alifariki Jumanne tarehe 5 Agosti 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka 53. Hope alimshika mkono wa kulia, mimi wa kushoto.

Chini ya mto wake tulikuta karatasi ya matangazo ya kesho, Jumapili tarehe 10. Aliiandika akiwa amelala, maandishi yanapanda na kushuka. Hatakuwepo kuyasoma, na angenilaumu nikiyaacha, basi nayasoma. Jumamosi ijayo ni zamu ya Kibamba kufagia kanisa, na mje na fagio zenu. Jumapili tarehe 17 kwaya inakwenda kuimba Gongo la Mboto, watakaochelewa wataachwa, na safari hii wataachwa kweli. Kikundi cha akina mama kitatembelea wagonjwa wa Goba siku ya Jumatano. Sikukuu ya mavuno ni tarehe 24, na ndizi mbivu sana zisiletwe kwa kuwa mwaka jana zilichafua madhabahu. Tangazo la mwisho aliloandika ni hili: "Ndoa, tangazo la tatu. Gwamaka wa familia ya Mwasomola, Goba, na Hope, binti wa Stanley na Anastasia wa Gongo la Mboto." Chini yake aliandika, "Narudia," akaandika tena yote kwa mkono wake, jina langu mara ya pili.

Juzi wazee wawili walikuja msibani na rasimu yao ya wasifu. Mwishoni iliandikwa, "Marehemu ameacha mtoto mmoja, Hope." Niliichukua kalamu nikaufuta mstari ule mbele yao. Hope alikuwa anaosha vyombo, aliona. Nilipomfuata nje nikamuuliza yeye anataka aandikwe wapi. Akasema, "Mama, mie siwezi kuchagua leo. Niandike popote, nitasimama hapo hapo utakaponiweka."

Nimekaa na karatasi mbili usiku na mchana, ile niliyoifuta na ile ya chini ya mto. Tangu Jumanne pia nimewaangalia mnavyolia, nikajiuliza nikifa mimi ni akina nani watanililia hivi. Wivu haujaniisha. Nauleta hapa nao, sina pengine pa kuuweka. Nimekwenda stationeri mwenyewe, nikamwambia kijana wa kompyuta aandike kama ninavyosoma sasa.

Marehemu ameacha mama mzazi, Anna. Mdogo mmoja, Anastasia, na shemeji, Stanley. Wapwa wawili, mapacha. Na mtoto mmoja, Hope, ambaye nilimzaa mimi.

Bwana aliyempa sauti sasa ampe utulivu. Dada, lala salama.