Mchanga wa Bustani ya Mgeni Rasmi

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, Mkurugenzi wetu, wasimamizi mliowahi viti vya karibu na feni, na sisi wenyewe tuliosimama:

MAKARIBISHO

Karibu sana kwenye karakana inayokata mbavu za mabawa ya ndege. Furaha yetu haina unafiki: ukija wewe, mashine ya kufyonza vumbi huwashwa. Huo mngurumo unaousikia ni heshima yako. Huwa tunausikia kila anapokuja mgeni, na wageni wetu, kwa bahati mbaya, ni watu wenye shughuli nyingi.

HISTORIA

Zamani tulikata alumini kwa maji ya kupoozea, meupe kama maziwa, yananuka kama yai viza. Yalitubabua mikono, yakatutelezesha sakafuni. Hatuyalilii. Mtangulizi wako alikuja hapa akatuahidi glavu, tukampigia makofi kwa mikono ile ile iliyobabuka. Yeye alisahau. Sisi hatukupata nafasi ya kusahau.

Kisha ofisi ikatangaza ukataji mkavu: maji basi, vikatio vipya vyenye utando mgumu, hewa ya kupuliza, na mashine ya kufyonza vumbi. Tuliunga mkono. Tunaunga mkono hata leo, na atakayesema sisi ni wapinga maendeleo ametusingizia.

MAFANIKIO

Mbavu zinatoka safi, hazihitaji kuoshwa. Sakafu haitelezi. Kampuni imepata cheti cha kutunza mazingira, na kimetundikwa ofisini, kwenye mazingira mazuri.

CHANGAMOTO

Ofisi ilitushauri tuziite fursa. Haya.

Fursa ya kwanza: alumini ikipata joto hulainika, ikang'ang'ania kikatio kama mgeni aliyekuja kusalimia akapewa kitanda (tunasema mgeni wa nyumbani, Mheshimiwa, si wewe). Hapo kikatio hakikati tena, kinakwaruza. Tukiomba kingine tunaambiwa, "Kazeni, hicho bado kichanga."

Fursa ya pili ni vumbi. Vumbi la alumini ni laini kama poda, na linawaka. Msimamizi alibandika tangazo ukutani kwa herufi nyekundu: MOTO WA ALUMINI USIZIMWE KWA MAJI, TUMIA MCHANGA MKAVU. Chini ya tangazo akapanga ndoo za maji. Mchanga haukuja.

Wiki iliyopita kikatio kilichochoka kikagonga kibanio cha chuma. Cheche ikaruka nyuma ya mashine, lundo la vumbi likashika moto. Msimamizi akanyakua ndoo. Fundi wetu mkongwe, ambaye karakana nzima tunamwita Mjomba, akamdaka mkono.

"Bosi, weka chini! Soma ukuta!"

"Kwani wewe ndiye zimamoto?"

"Si wewe uliyebandika, bwana? Unataka turuke wote, na mabawa yenyewe hatujamaliza?"

Mjomba akatoka mbio na toroli. Kando ya bustani mpya akakuta kitu ambacho tulikiomba tangu tangazo libandikwe: mchanga mkavu, umechekechwa, umefunikwa turubai usinyeshewe. Sisi hatujawahi kufunikwa turubai. Akaubeba, akaufukia moto, ukafa. Hakuna aliyeungua.

Kesho yake akasimamishwa kazi. Kosa lake: kuharibu bustani utakamopanda mti leo.

"Mchanga ule ulikuwa wa mgeni rasmi," Mkurugenzi alimwambia mbele yetu.

"Sawa, mzee. Na moto ule ulikuwa wa nani?"

Mkurugenzi yupo, pengine ameshapata jibu.

MAOMBI

Risala hufundishwa kuomba mengi ili ipewe kidogo. Sisi leo tunaomba moja: Mjomba arudi kazini. Mchanga wa karakana tutauchota wenyewe.

Yuko nje ya geti tangu asubuhi, na mkewe, amevaa ovaroli iliyopigwa pasi. Mlinzi, ambaye ni mpwa wake wa damu, si wa utani, amekatazwa kumfungulia, na gari lako lilipoingia aliinamisha uso asikutane macho na mjomba wake. Hatutaki uunde kamati. Kamati tunazijua, huzaa kamati wenzao. Tunaomba miguu yako tu: tembea mpaka getini, umshike mkono, uingie naye.

Mashine za kukata tumezizima. Si mgomo, Mheshimiwa, usishtuke. Tunakusubiri urudi kutoka getini. Ukirudi naye, tutaziwasha wewe ukiwa bado umesimama hapa. Ukirudi peke yako, utapata utulivu mzuri wa kupanda mti.

Mwenyezi Mungu akupe afya na masikio, ailinde nyumba yako na moto, na siku ajali itakapokuzidi nguvu, akujalie jirani asiyeuliza mchanga ni wa nani.

Ni sisi, wafanyakazi wa karakana ya ukataji mkavu, zamu ya asubuhi na zamu ya jioni, pamoja na mmoja aliye nje ya geti.