Nyasi Juu ya Gari

Tangu Kitengela, Sandra alikuwa akiwasikiliza wawili waliokaa mbele yake. Mzee Simel alimweleza Ayan, muuza mbuzi aliyekutana naye humo garini, kwamba serikali iliahidi bei nzuri ya mahindi, naye akalima olopololi, malisho yaliyotengewa ndama. "Na wakalipa?" "Walilipa vizuri. Lakini saa hii ndama hazina nyasi." "Mzee, serikali haikukushika mkono kukulazimisha ulime." "Haikunishika, mama. Ilinionyesha bei tu." Sandra, ambaye hakuwa ameulizwa, alikubaliana na wote wawili.

Gari liliposimama Kimana, nyasi alizonunua Simel zikashushwa. Ayan akauliza dirishani, "Mzee, msimu huu utarudisha shamba kuwa malisho?"

Simel alijitwika mzigo wa kwanza. "Wacha kwanza watangaze bei."