Akuam Aliyezoea Kusimamisha Filamu

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika maktaba yetu hapa Isiolo, Bi. Akuam Ekidor anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025. Aliajiriwa kufagia na kupanga viti. Anaondoka akiwa msimamizi wa ukumbi, na hodari wa kuuliza watu maswali, isipokuwa swali moja ambalo kwa miaka mingi hakuthubutu kumuuliza mama yake.

Ndiye aliyeanzisha filamu za Ijumaa alasiri. Alisimama kando ya pazia jeupe na kipaza sauti, akitutafsiria kwa Kiswahili huku picha zikienda. Akikutana na jambo la kushangaza, aliisimamisha filamu na kutaka tumweleze kwa nini. Aliyekuja na haraka zake alijifunza subira.

Mwaka jana alituonyesha filamu ya familia ya Wakorea waliohamia Amerika. Baba na mama wana duka la kufua nguo, na binti yao mdogo ndiye peke yake anayejua Kiingereza. Mezani, mama anawapakulia watoto minofu ya samaki, yeye anabaki na kichwa, akisema ndicho anachokipenda. Ukumbi ukaguna. Bwana Waqo, muuza nyama wa mtaa wa Bulla Pesa ambaye hajawahi kuonja samaki, akapaza sauti: "Huyu mama ni mchoyo! Kichwa ni ya wazee, mbona amechukua yeye?"

Akuam akasimamisha filamu. Karambu, mpishi wetu, akaeleza kwamba kichwa cha samaki ni mifupa na macho tu. Waqo akafikiri kidogo, kisha akasema marehemu mama yake naye alidai kupenda mchuzi kuliko nyama, na sasa ameanza kumshuku. Nilicheka sana, halafu nikamkumbuka mama yangu na ukoko wa ugali.

Mbele kidogo, daktari anamwambia yule baba Mkorea aache kazi nzito. Binti anamtafsiria kwamba atumie dawa tu, atapona. Akuam akasimamisha filamu tena, lakini safari hii alikishusha kipaza sauti.

Sisi tulio karibu naye tulijua sababu. Akiwa darasa la nne, alimtafsiria mama yake hospitalini kwa Kiturkana. Daktari alisema Mama Akuam aache kubeba kuni, mgongo umeumia. Lakini kuni ndizo zilizomsomesha Akuam. Mtoto akatafsiri habari ya dawa, habari ya kuni akaimeza. Mama akaendelea kubeba mpaka bintiye alipomaliza shule, na leo anatembea ameinama. Je, alijua alichofichwa? Hilo ndilo swali lililomshinda Akuam.

Siku hiyo mama yake alikuwa ameketi mstari wa mbele. Akuam akauliza kwa Kiswahili, kisha kwa Kiturkana: "Huyu baba alijua?" Ukumbi ukagawanyika. Vijana wakasema hakujua, wazazi wakawacheka. Ndipo Mama Akuam akainua fimbo yake na kujibu polepole. Akuam alishindwa kututafsiria, machozi yalikuwa yamemzidi. Ekiru, mlinzi wetu, akamsaidia: "Anasema alijua. Daktari alishika mgongo, akatingisha kichwa, nani haoni hiyo? Lakini mtoto alitaka shule, na yeye pia aliitaka hiyo shule."

Hakuwa akizungumza habari za Mkorea tena. Akuam alienda akaketi sakafuni, kando ya miguu ya mama yake, na filamu haikuendelea. Mpaka leo hatujui yule baba alipona au la, na Waqo hutuuliza kila tukienda kununua nyama.

Akuam, asante kwa pazia, kwa sauti yako na kwa kutufundisha kutazama nyumba za watu wa mbali mpaka tukaziona zetu. Nenda salama, upumzike, na Mungu akuzidishie siku njema pamoja na mama.

Kwenye sherehe ya kumuaga, Ekiru ndiye atakayemtafsiria Mama Akuam hotuba zote, ili binti yake aketi tu. Waqo ataleta mbuzi. Akuam ameomba nyama laini yote apewe mama yake. Yeye mwenyewe, anasema, hupenda kichwa.

Kiogora, idara ya magazeti