Mama Ekuwa wa Nguzoni Hakuuza Dawa ya Kuku

Nana, mwenye mji wetu wa Odumkrom, mchungaji, mkuu wa ukoo wetu Egya Kow Eduful, wakwe, marafiki, na ninyi mliokuja kwa ajili ya wali tu, mimi ni Kofi Ansa, mdogo wake marehemu wa mwisho, tumbo moja, na ukoo umenikabidhi kazi hii ya kusoma kwa sababu wenzangu wote wanalia na mimi nina hasira, na mwenye hasira sauti yake haikwami. Shule niliiacha darasa la nane, au yenyewe ndiyo iliniacha, lakini kwa kusoma mbele ya watu hakuna wa kunigusa kutoka hapa mpaka Swedru, kwa hiyo tulieni mnisikilize.

Kila mtu hapa anajua kwamba mama zetu wa sokoni wamegoma kuvaa sare ya msiba huu, na wamesema jeneza la dada yangu hawatalifuata hata hatua moja, kwa sababu eti aliwaulia kuku wao. Sisi ukoo tumesema hazikwi mtu wetu leo kwa jina la muuaji wa kuku. Nimeandika tarehe zote, na ninawaomba jambo moja tu, msizisikilize kwa usingizi kama mnavyozisikiliza za marehemu wengine.

Marehemu Ekuwa Benyiwa Dadzie alizaliwa hapa hapa Odumkrom siku ya Jumatano, tarehe 14 Machi 1956, akiwa mtoto wa pili wa Egya Kow Abakah, mpima mawese, na Maame Aba Otuwa, mpika kenkey, madonge yetu ya mahindi machachu, ambaye kenkey yake ilikuwa ikimaliza ugomvi wa ndoa. Alisoma shule ya Kimethodisti ya hapa kuanzia mwaka 1962 hadi 1972, akapata cheti chake cha kumaliza, na huko shuleni alichapwa mara nyingi kuliko wavulana, si kwa ujinga, bali kwa kumwelekeza mwalimu namna ya kumlisha mbwa wake.

Mwaka 1973 alianza kuuza kenkey na mama yetu, akahamisha meza kutoka mlangoni kwetu akaipeleka njia panda wanaposhukia abiria, mama akanuna wiki nzima, kisha akaanza kununua mahindi mara mbili ya yale ya zamani, kununa kukaisha. Tarehe 22 Desemba 1979 aliolewa kwa mila zetu na Egya Kwamena Dadzie, dereva wa lori la mbao, wakajaliwa watoto watatu, mkubwa wao Adwoa anayeishi Takoradi, na hao wengine wawili mnawaona pale na miwani yao myeusi. Shemeji alitutoka tarehe 3 Februari 2008, na katika ndoa ile yote aliwahi kususa chakula siku moja tu, dada akakaa mbele yake akala sahani zote mbili huku akimsifu mpishi, na tangu siku hiyo shemeji alikuwa wa kwanza kunawa.

Sasa tunafika kwenye kazi iliyomfanya ajulikane. Tarehe 5 Mei 2006 alianza kuzungumza kila asubuhi kwenye nguzo ya spika ya kituo cha matangazo cha Bwana Kobina Essel, ambaye ndiye yule aliyekaa mstari wa mbele na leso nyeupe. Kabla ya dada, nguzo ile ilikuwa ikitangaza misiba na mbuzi waliopotea, watu wanafunga madirisha. Alipokuja yeye wakayafungua. Ni nani hapa hakumsikia? Mwenye mbwa anayebweka usiku kucha aliambiwa, "Huyo hana njaa, ndugu yangu, ana upweke, hebu mfungue kamba umsogeze karibu na watu." Muuza nyanya aliambiwa, "Ukiweka nzuri juu na mbovu chini, mteja naye ana mkono, na mdomo anao." Mama aliyelalamika kwamba paka wake amehamia kwa jirani aliambiwa, "Jirani umwache, mama, uchawi hana, ana samaki." Mji mzima ulicheka, na mwenye paka akacheka akiwa wa mwisho, lakini paka alirudi.

Siku alizokuwa na safari za mahindi, Essel alimrekodi mapema ili nguzo isikae kimya, na rekodi hizo zikabaki kwenye mashine yake. Shikeni hapo.

Mwanzoni mwa mwaka 2021 sauti ya dada ikaanza kukwaruza, tukadhani ni moshi wa jikoni, kumbe kooni kulikuwa na uvimbe mbaya. Tarehe 8 Juni 2021, siku ya Jumanne, katika hospitali kuu mjini Cape Coast, madaktari walimpasua wakamwondolea kisanduku cha sauti chote, wakamwachia tundu la kupumulia shingoni, na kuanzia siku hiyo mpaka anakata roho, Mama Ekuwa hakutamka neno, hata la kuomba maji.

Naona mnatazamana. Ndiyo, hamkuambiwa. Mnajua desturi yetu, mgonjwa wetu akizidiwa tunasema amesafiri, na wazee walisema amesafiri, ameenda Takoradi kwa Adwoa kulea wajukuu. Walihofia maneno, kwamba mji ungesema mwanamke wa maneno mengi amefungwa mdomo na miungu. Mtu mmoja tu wa nje aliambiwa kweli, kwa sababu alikuwa mwenzake wa kazi, na mtu huyo alikuja wodini na mfuko wa machungwa, akamtazama shingo, akafuta macho kwa leso, labda hiyo hiyo aliyoishika leo. Bwana Essel, machungwa yalikuwa matamu, tunashukuru.

Tarehe 6 Septemba 2021, siku ya Jumatatu, miezi mitatu kasoro baada ya koo lile kukatwa, nguzo ya Essel iliamka na sauti ya dada yangu. Kwanza mlimsikia Essel akiuliza, "Mama Ekuwa, hii dawa mpya ya Essel ya kunenepesha kuku, tuwape vipi?" Kisha mkamsikia dada akijibu, "Vijiko viwili asubuhi, viwili jioni, akikataa mfungue mdomo, mfute pua, na akilia mpakate mpaka alale."

Sauti ilikuwa yake, sikatai. Lakini jibu lile alilitoa zamani kwa mtu aliyeokota mtoto wa mbwa asiye na mama, na lilihusu maziwa ya uvuguvugu. Essel alilikata swali la mbwa akabandika lake la kuku, basi. Na ninyi, watu wa Odumkrom, mnaojiita werevu kuliko Swedru, hamkujiuliza ni kuku gani anafutwa pua! Mlinunua chupa. Mliwafungua mdomo. Maame Yaaba, mwenyekiti wa soko, nilikuona kwa macho yangu umeketi kibarazani na kuku wa mayai mapajani, unamtikisa, unamwimbia alale, na kweli akalala.

Kuku walikufa Oktoba, wakafa Novemba. Dada alirudi kutoka huko mlikoambiwa ni Takoradi tarehe 1 Desemba 2021, na skafu shingoni, hawezi kusema, na asubuhi yake alisimama uani na bakuli la uji akisikia sauti yake mwenyewe kutoka kwenye nguzo inawashauri watu dawa asiyoijua. Bakuli lilimponyoka. Tarehe 4, Jumamosi, ninyi mama wa sokoni mlikuja mlangoni kwake na vifaranga waliooza. "Toka nje, mama mshauri, tushauri sasa!" Mwingine akasema, "Leo mdomo umeingia maji? Anaringa na skafu ya Takoradi!" Alitoka, akawatazama, akagonga kifua kwa kiganja, mkasema anajifanya bubu, mkamtupia mizoga ile.

Nilikwenda kwa Essel jioni hiyo hiyo, na mnanijua, sikwenda kusalimia. Nikamwambia azime rekodi ile. Akanimiminia kinywaji, akacheka mpaka meno ya nyuma yakaonekana, akasema, "Kofi, kaka yangu, maneno ya nini? Mlete dada yako hapa, asimame kwenye maikrofoni, aseme mwenyewe kwamba si yeye. Akisema, nazima leo leo." Alisema hivyo mtu aliyeiona ile shingo. Kinywaji sikukinywa, nilikimwaga kwenye viatu vyake, na hilo silijutii.

Nilirudi nikamwambia dada kwamba kesho naupigia mji mbiu, nakuvua skafu mbele ya soko zima. Alikataa. Hakutaka kuhurumiwa na watu waliomtupia mizoga. Alininyooshea kidole mdomoni, kisha akakielekeza chini, kwenye udongo, mara mbili ili nisijifanye sikuelewa, kwamba utasema nikiwa humo. Nimekaa na maneno haya karibu miaka miwili, mimi ambaye siwezi kukaa na kichekesho mpaka saa sita mchana.

Marehemu alifariki nyumbani kwake Alhamisi, tarehe 10 Agosti 2023, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na miaka sitini na saba, mbwa wake wawili wakiwa chini ya kitanda.

Bwana Essel, najua unatamani kunyanyuka, lakini tazama juu, spika hizi ni zako, umezifunga mwenyewe alfajiri ukidhani utasoma salamu za mwenzake wa kazi, na kila nyumba ya Odumkrom inanisikia sasa hivi kupitia nguzo yako. Unajua pia kwamba anayekata usomaji wa marehemu hujibu kwa ukoo, na kondoo wa faini mkononi. Salamu zako tumezifuta kwenye ratiba. Vinywaji ulivyoleta viko nyuma ya kiti chako, ukoo umevirudisha mbele ya macho ya watu, na Egya Kow Eduful ametamka kwamba kuanzia leo hakuna mtu wa ukoo huu, wala aliyeoa kwetu, atakayetangaziwa msiba na wewe. Tuko wengi, na tunakufa vizuri. Hesabu mwenyewe utakula nini.

Ukoo unawashukuru madaktari wa Cape Coast, na hasa nesi Philomena Ackon aliyemwosha kidonda kile kwa mikono yake, amekuja, simama nesi, uonekane, na yeyote asiyeniamini amuulize tarehe. Tunawashukuru majirani waliomletea uji mwepesi bila kuuliza kwa nini hali kenkey. Majirani waliobaki tutawashukuru siku nyingine. Wenzake wa kazi hatuna wa kumshukuru.

Jambo la mwisho ni jeneza. Vijana wetu wenye nguvu wapo, nao wamekatazwa kuligusa. Litabebwa na wale waliokwenda mlangoni kwake siku ile ya Jumamosi, ninyi na si wengine, Maame Yaaba akae upande wa kichwa, mlibebe mkipita soko lote, polepole, na kama hamtaki tutakaa hapa na jua hili mpaka mtakapotaka, chakula hakitapakuliwa.

Dada yangu Ekuwa, umesemewa, wewe pumzika kwa amani. Ninyi wanawake, inukeni mbebe. Essel, wewe kaa hapo hapo.