Wimbo wa Mama Lusungu Ushuke Hadi F

Risala ya Kwaya ya Mapambazuko, Lufingo, kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Tamasha la Kwaya, siku ya ufunguzi wa tamasha, mwaka 2003. Msomaji ni Atupele, katibu wa kwaya.

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Tamasha, waheshimiwa wachungaji na wazee wa usharika, walimu wa kwaya kutoka Kisiba na Masoko, wapiga tarumbeta, mabibi na mabwana:

MAKARIBISHO

Karibu Lufingo. Tunajua barabara imekusumbua, maana hata sisi hutusumbua. Tunashukuru umefika na kilichochafuka ni viatu tu. Ndaga fijo, asante sana. Chai ipo, ndizi zipo, viti vya mbele vimefutwa. Tunachoomba ni kwamba utusikilize mpaka mwisho, kwa sababu ofisini kwako hatujawahi kufika mwisho wa sentensi.

TULIKOTOKA

Mgeni rasmi, kwaya hii ni ya wakulima wa chai na migomba, pamoja na walimu wawili waliopangiwa kazi huku wakanogewa. Sisi waimbaji tunasoma do-re-mi iliyoandikwa ubaoni kwa chaki. Mwalimu wetu ni Ambindwile. Mwimbishaji wetu, tangu akiwa msichana, ni Tusekile, ambaye wengi mnamwita Mama Lusungu.

Yeye ndiye aliyetunga wimbo wa "Mlima Umefunguka". Aliutunga akiwa shambani anachuma chai, asubuhi ukungu ulipoachia mlima Rungwe ghafla, na wachumaji wenzake wakaudaka kabla kikapu hakijajaa. Baadaye tuliurekodi kwenye kanda. Siku hizo sauti yake ilikuwa inapanda bila kutafuta pa kushika.

MAFANIKIO

Mafanikio yetu ni kwamba kamati yako iliisikia ile kanda, ikauchagua wimbo huo uwe wimbo wa lazima kwa kwaya zote za tamasha. Kijana wenu Obed akauandika kwenye kompyuta ya kamati pale Tukuyu, sauti zote nne pamoja na sehemu za tarumbeta. Akauandika kwenye ufunguo wa A, yaani kimo kilekile cha juu cha kwenye kanda. Tulifurahi sana. Mafanikio yetu yanaishia hapo.

CHANGAMOTO

Mwaka juzi Mama Lusungu aliugua rovu. Uvimbe ulimbana shingo hata usiku akawa analala ameketi. Madaktari wa Mbeya walimpasua wakamwokoa, na kwa hilo tunamshukuru Mungu. Lakini sauti iliporudi ilikuwa imeshuka. Alipopata nafuu aliujaribu wimbo wake akiwa jikoni. Alipofika pale juu, sauti ikakatika. Akajaribu tena. Binti yake Lusungu akaja mbio kuuliza nani analia.

"Hakuna anayelia," mama akamjibu. "Naimba."

Tangu hapo akawa anakaa benchi la nyuma kanisani, kitabu kiko wazi, midomo imefungwa. Mwalimu Ambindwile alimfuata nyumbani.

"Mama, sauti haijapotea. Imeshuka tu. Tutaushusha wimbo uifuate."

"Na tarumbeta nazo?"

"Nazo zitashuka."

Mgeni rasmi, hapa ndipo pa kuelewa. Kwa sisi waimbaji, kushusha wimbo si kazi. Mwalimu anatoa do ya chini zaidi, tunafuata. Lakini mpiga tarumbeta hupiga kilichoandikwa mbele yake, na kila chombo kina karatasi yake. Zote lazima ziandikwe upya, kila nota ishuke kwa kiasi kilekile. Kwa mkono ni kazi ya kukesha na kukosea. Kwa programu iliyomo kwenye kompyuta ya kamati, unachagua wimbo wote, unaiamuru iutoe A iupeleke F iliyo chini yake, basi. Mwalimu aliiona programu kama hiyo ikifanya hivyo Mbeya, na chai yake haikuwahi kupoa.

Kwa hiyo tulikwenda Tukuyu. Umeme ulikuwa umekatika. Tukaenda tena. Obed alikuwa semina, na ufunguo wa chumba cha kompyuta alikuwa nao mfukoni. Tulipokwenda tena, Mama Lusungu mwenyewe akafuatana na Mwalimu. Siku hiyo umeme ulikuwepo, Obed alikuwepo, na karatasi zikatoka zikiwa na joto. Tuliimba njia nzima tukirudi.

Tuliwaita wapiga tarumbeta wa Masoko, chini ya kiongozi wao Meshaki. Wakapuliza. Mgeni rasmi, kelele zile hatuwezi kuzieleza mbele ya wachungaji. Mama Lusungu alikuwa amevaa gauni lake la kwaya, amefungua mdomo, anasubiri mahali pa kuingilia, na mahali hapakuwepo.

"Hapa hakuna kilichoshushwa," Meshaki akasema. "Kabadilisha alama za mwanzo wa mstari. Nota zenyewe zimekaa palepale."

Tukarudi Tukuyu. Obed aliona haya, akarudia. Kompyuta ikamuuliza wimbo uende juu au chini, naye kwa haraka akabonyeza juu. Karatasi zile hata Meshaki, mwenye midomo ya kazi, alizirudisha bila kuzipiga.

"Gwe Obed," Mama Lusungu akamwambia, "nimesema chini. Chini ni kule miguu iliko."

Obed akacheka, akavuta kiti akae naye, akafanya polepole. Safari hii ikawa sawa. Mama Lusungu aliomba aujaribu palepale, kati ya nyaya na mashine. Akaanza kwa sauti ndogo, Mwalimu akimfuatisha kwa kidole kwenye karatasi. Akafika pale juu. Hakukatika. Akapita, akaendelea hadi mwisho, na Obed akabaki ameshika kipanya bila kukumbuka alitaka kufanya nini. 

Ndipo akaingia katibu wako, Bwana Hezron.

"Hizi siwezi kuzigonga muhuri," akasema. "Nota rasmi ni za A. Zimeshatoka kwenye kompyuta."

"Hata hizi zimetoka kwenye kompyuta hiyohiyo," Mwalimu akamjibu.

"Zile zilitoka kwanza."

"Na mwenye wimbo je? Hafiki huko."

"Basi aimbe mwingine. Mabinti wapo wengi."

Mama Lusungu aliinuka. Aliziviringisha karatasi, akazibana kwapani, akatoka. Alipofika kwake alimwambia Mwalimu neno moja: "Wimbo wameuchukua, mimi wameniacha."

Tulikuja kwako, Mgeni rasmi. Ulitusikiliza ukiwa umesimama mlangoni, gari linanguruma. Ulituambia mambo ya kitaalamu tuwaachie wataalamu. Tukakuitikia ndiyo mzee, kwa sababu tumelelewa vizuri. Lakini tulichoka. Tulichoka kuambiwa kwamba mashine iliyoletwa kurahisisha kubadilisha ndiyo inayokataza kubadilisha.

Tukaamua kuwauliza wenzetu. Tulikwenda Kisiba tukiogopa kuwaharibia matayarisho. Wasoprano wao walipoisikia F walipiga vigelegele. Kumbe miezi yote hii A ilikuwa inawakaba na wao, kila mmoja akidhani ubovu ni wake. Meshaki naye akakiri kwamba tarumbeta zake zinaichukia A tangu siku ya kwanza. Tulipotafuta mtu anayeitaka A katika tarafa nzima, hatukumpata.

Juzi tulifanya mazoezi ya pamoja hapa hapa. Mama Lusungu alikuja bila kuitwa. Alisimama mbele, akasubiri tarumbeta zimfungulie, akaingia. Sauti yake sasa ni nzito, ina mchanga kidogo, na maneno yaleyale tuliyoyaimba miaka yote tuliyasikia kama mtu anayetueleza jambo lililompata. Mwimbaji mmoja wa besi, ambaye hulalamikia kila kitu, aliomba turudie.

"Sasa hapa nafika," Mama Lusungu akasema, akaomba maji.

MAOMBI

Mgeni rasmi, tulikuwa tumeandaa ombi la mabati na ombi la mabenchi. Tumeyafuta ili lisipate mahali pa kujificha hili moja.

Mbele ya kila mpiga tarumbeta zipo karatasi mbili. Ya A iko juu, kwa kuwa tunaiheshimu kamati. Ya F iko chini yake. Mama Lusungu yuko nje ya mlango. Amesema hataingia kuusikia wimbo wake ukiimbwa mahali asipofika yeye. Hatukuombi muhuri. Hatukuombi kikao. Tunaomba useme tu, kwa sauti ambayo Meshaki ataisikia kutoka pale alipo: "Geuzeni."

HITIMISHO

Mungu akubariki wewe na nyumba yako, akurudishe salama Tukuyu kabla ukungu haujashuka, na akutunzie sauti yako, maana tunaisubiri sasa.

Ni sisi,
Kwaya ya Mapambazuko, Lufingo.