Vifuniko Kumi na Barua ya Ijumaa: Risala ya Wazazi wa Darasa la Kwanza kwa Ofisa Elimu

Mgeni rasmi, Mama yetu Ofisa Elimu, Mwalimu Mkuu, walimu wote, wazazi wenzetu mlioacha kazi zenu, na wewe mama fundi cherehani uliyekuja na yako, tunakuona unavyopindia sketi hapo nyuma, pamoja na ninyi wenye shule, watoto wa darasa la kwanza, ambao tunawaomba mshuke juu ya madawati:

KARIBU

Mama, karibu sana. Tulitangaziwa ujio wako mara mbili na mara mbili tukafagia bure. Leo ya tatu imejibu. Kiti ulichokalia ni cha Mwalimu Mkuu, ndicho kizuri kuliko vyote tulivyo navyo. Tunakuomba tu usiegemee upande wa kushoto.

Tunajua umesikia risala nyingi zinazoanzia kwenye madawati na kuishia kwenye paa. Yetu ina jambo moja tu, nalo ni la karatasi moja. Hata hivyo tumeipanga kwa vichwa vya habari kama wenzetu, tusije tukaonekana hatukusoma.

TULIKOTOKA

Mwanzoni mwa mwaka hatukujua watoto wetu wanafanya nini hapa. Tulikuwa tukiwauliza, Mama, na majibu yalikuwa haya:

“Leo mmesoma nini?”

“Hakuna.”

“Sasa mmefanya nini siku nzima?”

“Tumekaa.”

“Mwalimu kasema nini?”

“Kasema tunyamaze.”

Mtoto wa miaka sita ukimtuma ujumbe, unafika. Ila hufika umebadilisha nguo njiani. Wiki ya pili ya muhula, mwalimu wao aliwaambia kila mmoja aje Jumatatu na vifuniko kumi vya kuhesabia. Yeye alikuwa na maana ya vifuniko vya chupa za soda. Ujumbe ulipofika nyumbani, chupa ilikuwa imeshadondoka.

“Mama, mwalimu anataka vifuniko kumi.”

“Kumi? Vya nini?”

“Vya hesabu.”

“Hesabu gani hiyo, ya sufuria?”

“Asiye na vifuniko hatahesabu!”

Mama, mzazi gani anataka mwanawe asihesabu? Tulikusanya vyetu, tukaenda kwa majirani, kwa mashemeji, hadi kwa mama mkwe ambaye wengine hatukuwa tunasalimiana naye. Jumapili hiyo mtaa mzima ulipika wazi. Asubuhi yake mifuniko ya sufuria mia tatu na kitu ikaingia darasani, mmoja ukaponyoka, ukabingirika barazani hadi kugonga mlango wa ofisi. Mwalimu Mkuu, kwa usikivu wake, alidhani ni kengele ya hatari, akaitoa shule nzima uwanjani. Tunampongeza. Walitoka kwa mistari iliyonyooka.

Hadi leo kuna mifuniko haijarudi kwa wenyewe. Mwenye mmoja wa bluu wenye kirungu cheusi amwone baba kinyozi.

Ijumaa ya wiki hiyohiyo mwalimu wa darasa la kwanza akaandika barua ya kwanza. Ukurasa mmoja kwa mkono, nakala arobaini na tatu, na chini kabisa mstari: “Nimesoma. Sahihi ya mzazi.” Tangu hapo kila Ijumaa barua ikaja. Ndiyo maana sisi humwita Mwalimu Ijumaa, naye huitika.

TULICHOVUNA

Tungeweza kukueleza, lakini ni afadhali tukusomee kidogo.

“Wiki hii tumesoma herufi m. Ukisikia mwanao anakuita mmmmama, si kigugumizi, ni kazi ya nyumbani.”

“Meno manne yameng’oka. Matatu yanakuja nyumbani ndani ya karatasi. La nne limemezwa. Mwenye mtoto asihofu.”

“Tumepanda mbegu kwenye makopo. Msiulize kama zimeota, zinafukuliwa kila asubuhi kuangaliwa.”

Matokeo yake, Mama, ni kwamba sasa nyumbani kuna mazungumzo. Bibi mmoja kati yetu humwambia mjukuu wake, “Nasikia juzi ulimgawia mwenzio penseli.” Mtoto hutoa macho: “Nani kakwambia?” “Mimi nina watu wangu.” Kuanzia hapo yule mtoto ameshika adabu hata akiwa peke yake.

Na wapo miongoni mwetu ambao barua hiyo walikuwa wakiishika juu chini. Hatuwataji, wanajijua, wengine ndio sisi. Dunia ilitufunza mapema mambo mengine, kusoma ikasahau. Mwanzoni tulisomewa na watoto. Halafu tukaona mtoto anaruka sehemu inayomhusu yeye, hasa pale palipoandikwa amempiga mwenzake. Ikabidi tujifunze.

PANAPOBANA

Hapa, Mama, tunaomba utuvumilie, maana ni karibu na kwako.

Barua ya Ijumaa moja, baada ya herufi na meno, ilisema hivi: “Mlango wa choo cha wavulana umeanguka. Tafadhali watoto wajisaidie kabla ya kutoka nyumbani.” Hatujui karatasi hiyo ilitembeaje, lakini ilifika ofisini kwako. Ukaja waraka: walimu wa madarasa wasiwaandikie wazazi, habari zote zitoke kwa Mwalimu Mkuu, mara moja kwa muhula. Tunaelewa. Hakuna mtu anayependa choo chake kisomwe mitaani.

Ila kuna jambo ambalo pengine hukuambiwa. Barua ile ilitoka Ijumaa. Jumamosi saa mbili asubuhi baba seremala, mzazi mwenzetu, alikuwa hapa na bawaba mpya na randa. Kufikia saa sita mlango umesimama. Waraka ulifika Jumatatu. Yaani, Mama, siku barua inakatazwa kwa sababu ya mlango, mlango ulikuwa umeshafungwa na barua hiyohiyo. Ukipenda utaoneshwa. Una komeo ndani na nje, hata sisi wengine nyumbani hatuna.

Mwalimu Ijumaa ni mtiifu. Hajaandika tena. Wiki ya nne sasa. Na sisi tumerudi kwenye “Hakuna” na “Tumekaa”.

Siku ya picha ya darasa watoto kumi na mmoja walikuja na nguo za michezo, na mmoja na kanzu ya kulalia. Hiyo tuliicheka. Ambayo hatukuicheka ni ya watu wa macho. Walikuja kuwapima watoto bure, ila kila mtoto alitakiwa aje na sahihi ya mzazi. Kina sisi tungejulia wapi? Tunaye binti wa baba kinyozi, tunamwita Profesa kwa jinsi anavyozamisha pua kwenye daftari. Hakupimwa. Jioni babake akamuuliza:

“Mbona hukuniambia?”

“Nilikwambia, baba.”

“Uliniambiaje?”

“Nilikwambia kesho wanakuja watu wa kuangalia macho. Ukasema, waambie na mimi waniangalie, mbona niko mzuri.”

Baba kinyozi ni mtu wa mzaha, hata ndevu zetu zinajua. Siku hiyo alifunga duka mapema. Tulisikia kwamba watu wa macho watarudi mara moja tu kumalizia waliobaki. Siku yenyewe hatukuijua hadi leo asubuhi, na namna tulivyoijua tunaieleza sasa hivi.

TUNACHOOMBA

Hatuombi madawati. Hata kiti hicho, tutakipigilia wenyewe. Tunaomba Mwalimu Ijumaa aruhusiwe kuandika. Ukiona vema Mwalimu Mkuu apitie kwanza, na apitie. Yeye mwenyewe hucheka akifika kwenye meno. Na siku choo kikiharibika, tuandikiwe kwamba kimeharibika. Tuna seremala, tuna fundi bomba, tuna waashi wawili wasioelewana lakini wanajenga.

Sasa hilo la asubuhi. Waraka wako unawakataza walimu. Wanafunzi haukuwataja. Leo kila mmoja wetu amekuta karatasi kwenye begi la mwanawe. Mwalimu hahusiki, tumemwona alivyoshtuka. Waliiandika wenyewe jana wakati wa mapumziko, nasi tunaisoma ilivyo, ila maneno tumeyatenganisha:

“Wazazi wetu. Wiki hii tumesoma ng na nd. Tumefagia mara tatu kwa sababu mgeni anakuja. Mwalimu amesema tukimwona mgeni tusimwambie mambo ya barua. Hatutamwambia. Mlango wa choo unafunga vizuri, mmoja wetu alifungiwa. Watu wa macho wanarudi Jumanne. Baba yake Profesa weka sahihi usicheze. Jino limetoka moja. Mwisho. Nimesoma. Sahihi ya mzazi.”

Mama, sisi wote arobaini na watatu tumeshaweka sahihi. Baba kinyozi ameweka mbili. Imebaki nakala moja ambayo watoto waliiandika ziada, na juu yake wameandika “ya mgeni”. Tunaomba uisome mwenyewe, na ukimaliza uweke sahihi pale chini, penye nafasi ya mzazi. Kalamu anakuletea Profesa. Ukiona anausogeza uso wake karibu sana na wako usishtuke, wala usirudi nyuma: anataka tu kukuona.

Mungu akulinde njiani, akupe ofisi yenye habari njema na milango yenye bawaba, na wajukuu wako wakiulizwa wamesoma nini leo, wasikujibu “Hakuna”.

Ni sisi,
Wazazi na Walezi wa Darasa la Kwanza,
tuliosoma na kuweka sahihi.