Mashine Aliyoiacha Inawaka

Bismillahi. Mashehe wetu, wazee, majirani wa Buyenzi na wa Jabe, ndugu mliotoka mbali, Assalamu alaikum. Mimi ni Nasser Shaabani, mdogo wake marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya kaka yetu leo siku ya hitima badala ya siku ya maziko, kwa kuwa maiti hangojeshwi, na mwanawe Yasmina alikuwa bado njiani kutoka Kigoma. Sasa yuko hapa mbele, mama yake anamfasiria kwa mikono, kwa hiyo nitasoma polepole, na atakayeona naenda mwendo wa kinyonga anivumilie.

Marehemu Moubarak Shaabani alizaliwa tarehe 4 Machi 1961 hapa Buyenzi, mtoto wa kwanza wa mzee Shaabani Uthmani, aliyekuwa mpakuzi wa mizigo bandarini, na mama yetu Zubeda, aliyekuwa akiuza mandazi, wote Mungu awarehemu. Mimi nilimfuata baada ya miaka mitano, nikarithi nguo zake zote, na ubishi wake kidogo.

Alisoma chuo cha Kurani, akaanza shule ya msingi mwaka 1968, kisha akajifunza ufundi wa umeme hadi mwaka 1979. Nyumbani kwetu hakuna redio iliyokuwa salama, angeifungua tu hata kama inaimba vizuri, na alipoulizwa na baba alijibu kwamba anataka kujua inaimbaje.

Mwaka 1980 alifungua kibanda cha kutengeneza redio Jabe, karibu na soko, na kuanzia mwaka 1999 akaingia katika kompyuta. Mwaka 2006 mteja wake mmoja, mwalimu Sylvère, alimletea CD ya Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, ambayo ukiitia ndani mashine inawaka nayo bila kugusa diski iliyomo, na ukiizima inasahau yote uliyofanya, kama mgeni aliyelala nyumbani kwako na kuondoka bila kuhamisha hata kiti. Kaka aliipenda CD hiyo kuliko vifaa vyake vyote. Watu walimjia wakilia kwamba mashine imekufa, wamekwisha ambiwa na wengine wanunue mpya, yeye akaiwasha kwanza kwa CD, ikiwaka alijua kuwa mwili ni mzima na shida iko kwenye diski, isipowaka alianza kuchomoa bareti za kumbukumbu, vile vibao vidogo vya ndani, moja baada ya nyingine, akisafisha, akirudisha, akisikiliza. Wenye haraka aliwaambia neno ambalo Jabe nzima inalijua: "Usizike mutu mbele ya kumupima," yaani kabla hujampima. Na waliojifunza kwake aliwakataza jambo moja, kujaribu dawa mbili kwa pamoja, kwa sababu mgonjwa akipona hutajua imemponya ipi, na akizidiwa hutajua imemdhuru ipi.

Tarehe 12 Agosti 1989 alifunga ndoa na shemeji yangu Radhia, wa ukoo wa wenye duka la vitambaa, watu wenye asili ya Omani, ambao mwanzoni waliuliza fundi redio atamlisha nini binti yao. Kaka aliomba tu aitazame redio ya mzee wao iliyokuwa imenyamaza kabatini, na siku iliyofuata posa ikapokelewa. Mungu aliwajalia watoto wawili, Adil aliyezaliwa mwaka 1991, ambaye leo anafanya kazi bandarini, na Yasmina aliyezaliwa mwaka 1995.

Yasmina alipokuwa na miaka mitatu aliugua homa kali, na homa ilipoondoka iliondoka na masikio yake. Baba yake hakukaa kulalamika, alijifunza lugha ya mikono pamoja naye, akamkalisha juu ya meza ya kazi, na mtoto akakulia pale akitazama vidole vya baba vikicheza juu ya kibodi, hadi akaweza kusoma anachoandika bila kuangalia kioo. Nyumba yao ilikuwa na maneno mengi kuliko yangu, ingawa ukipita nje ungedhani hakuna mtu.

Mwaka 2018 Yasmina aliolewa Kigoma, tukamsindikiza bandarini, na kaka akabaki amesimama ukingoni hata baada ya meli kupotea machoni. Kwa mzazi mwingine simu ingetosha, angesikia sauti akalala, lakini hawa wawili walihitaji kuonana, na ugonjwa wa sukari ulikuwa umekwisha mla macho hata kioo cha simu hakikumfaa. Ndipo akaunganisha mashine ya vipuri, yenye kioo kikubwa na kamera ya waya, na diski yake ilipokufa hakununua nyingine, akasema CD inatosha. Kila Jumapili aliiwasha akaanza kupanga upya kila kitu, kwa sababu ilikuwa imesahau, na kila mara, kabla ya kuizima, alimuuliza binti yake kwa mkono, Umeniona? Hakuizima mpaka ajibiwe, Nimekuona.

Mwanzoni mwa mwaka 2023 kamera ilikataa. Alibadilisha waya, akabadilisha kamera, akaichomeka nyuma na mbele, akasafisha kisomeo cha CD kwa spiriti, akatengeneza nakala nyingine ya CD, bila faida. Idi ilipita hawajaonana. Tulimtumia Yasmina salamu kwa maandishi, naye akajibu, lakini kaka aliniambia maandishi hayana mikono, kisha akageuka ukutani. Alimkumbuka mwanawe, ndugu zangu, alimkumbuka mpaka chakula kikamshinda.

Siku moja jirani yetu Elvire alikuja na simu yake ili Yasmina amwone baba yake walau upande mmoja, na wakati kaka anawasha mashine Elvire aliielekeza simu kwenye kibodi. Kule Kigoma Yasmina alitazama vidole, na hapo hapo ukaja ujumbe, Elvire akausoma kwa sauti: "Baba, iyo neno ya umeme bado unaiandikaka ya nini?"

Kaka akacheka hadi akakohoa. Kabla tu kamera haijakataa, mashine ilikuwa imeanza kukwama wakati wa kuwaka, naye kwa haraka ya kumwona mtoto alikuwa ameongeza neno la kuiambia isishughulike na mambo ya umeme, na siku hiyo hiyo akatoa bareti mbovu. Kutoa bareti ndiko kulikoponya, lakini neno lilibaki vidoleni, akiliandika kila Jumapili bila kuliona, na ndilo lililokuwa likifunga tundu za kamera. Yeye aliyewakataza watu dawa mbili alikuwa amezinywa zote mbili. Aliwasha bila lile neno, sura ya binti yake ikatokea, na Radhia anasema kaka alichelewa kumsalimia kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa ikifuta machozi.

Sukari aliyoishi nayo tangu mwaka 2012 ilifika kwenye figo mwaka jana. Jumapili tarehe 9 Februari 2025 aliongea na Yasmina kama kawaida, akamuuliza, Umeniona? Binti akainua mikono kujibu, mtandao ukakatika, picha ikaganda, na kabla haujarudi kaka alianguka kutoka kitini. Alipelekwa hospitali, akafariki alfajiri ya Jumanne tarehe 11 Februari, tukamzika siku ile ile baada ya Alasiri. Radhia alimkataza mtu yeyote kuizima mashine, akamwambia Adil ailinde kwa betri ya gari umeme ukikatika, maana ikizimwa itasahau, na pale kiooni palikuwa na jibu ambalo halijamaliza kusemwa.

Asubuhi hii Yasmina amekaa mbele ya mashine hiyo, amejiona mikono ikiwa nusu angani, kisha mwenyewe ameiamuru izime. Mashine imetoa CD, na kama ilivyo desturi yake imeomba itolewe, kisha kibonyezwe kitufe kimoja ndipo ilale. CD ameitoa, ameifuta kwa pindo la kanga kutoka katikati kwenda nje, kama alivyofundishwa. Kitufe bado hajakibonyeza, na mashine iko hapa mbele yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, mashehe na wote waliobeba jeneza, mafundi wa Jabe waliofunga vibanda vyao, mwalimu Sylvère, jirani yetu Elvire, na wenye chombo waliompa Yasmina nafasi juu ya mizigo. Tukimsahau mtu atusamehe, akili zetu hazijatulia.

Maneno ya mwisho Yasmina ameomba ayaseme yeye, mimi niwatolee sauti tu.

Baba, uliniuliza. Nimekuona. Sasa nazima, upumzike kwa amani.